Chati ya namba za rilei inayouzwa Tabora mjini: nunua, ila uwe na kalamu mkononi

Wakuu habari za kazi. Leo sina rivyu ya simu wala ya hoteli, nina karatasi ya ukutani. Kuna duka la vifaa vya umeme hapa Tabora mjini, silitaji jina maana nitalisema vizuri na vibaya humu humu, wanauza chati kubwa imepigwa plastiki ina zile namba za rilei na vifaa vingine vya kinga, yaani vinavyohisi hitilafu ya umeme na kuamuru breka ikate, zile 27, 50, 51, 87 unazokutana nazo kwenye paneli na kwenye michoro halafu unabaki unajikuna kichwa. Bei elfu kumi na tano. Wapo watakaosema hiyo hela ni ya bure kwa kitu unachoweza kukipata kwenye simu, na mi nawaambia nendeni mkasimame mbele ya paneli inayolia alamu, mikono ina grisi, chaji asilimia nne, mwenye mashine yuko mgongoni anauliza "fundi vipi", ndo mtajua karatasi ya ukutani ina thamani gani.

Kwanza isikupotezee hela kama haikuhusu. Kama kazi zako ni soketi na taa za nyumba za Isevya na Kiloleni, acha, nunua testa nzuri. Hii ni ya fundi anayeitwa kwenye mashine za kukoboa mpunga Nzega na Igunga, anayeshika jenereta kubwa, au kijana wa chuo anayetaka kwenda fildi kwenye kituo cha kupozea umeme bila kwenda kushangaa.

Kwa asiyejua, hizi namba zinatoka Marekani, zipo kwenye kiwango cha chama cha wahandisi wa umeme kinaitwa IEEE C37.2, mtaani tunasema namba za ANSI, yaani za shirika la viwango la huko Marekani. Wazo lake ni rahisi tu, badala ya kila kampuni kuandika maneno yake kwenye mchoro, kazi moja inapewa namba moja. 52 ni breka ya AC. 27 ni volteji kushuka, 59 volteji kupanda. 50 ni mkondo mkubwa unaokatwa papo hapo, 51 ni mkondo mkubwa unaosubiriwa kidogo, na kadiri mkondo unavyozidi ndivyo kusubiri kunavyopungua. 87 inalinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kwenye kifaa kinacholindwa, tofauti ikizidi ina maana shoti iko ndani humo humo.

Sasa chati yenyewe. Kilichonifurahisha ni kwamba hawajazipanga 1, 2, 3 mpaka 94 kama orodha ya majina ya darasa, wamezigawa kwa rangi, nyekundu ni za mkondo, bluu za volteji, kijani za transfoma, njano za jenereta. Aliyefikiria hivyo amewahi kushika paneli huyo, maana namba zenyewe ukizifuata kwa mpangilio hazikusaidii, 27 na 59 ni ndugu kabisa lakini zimekaa mbali. Kipande cha kijani ndo bora kuliko vyote. Kimeweka pamoja 26 ya joto la mafuta, 49 ya joto la waya za ndani, 71 ya usawa wa mafuta, 87T (ile 87 ya transfoma) na 63. Na hiyo 63 wameielezea vizuri kuliko vitabu fulani nilivyosoma: ndo ile rilei ya Buchholz, ya Mjerumani Max Buchholz tangu 1921, inakaa kwenye bomba kati ya tangi la transfoma na lile tangi dogo la juu, gesi ikijikusanya taratibu inapiga alamu, mafuta yakisukumwa kwa nguvu inakata kabisa. Wamechora na kamchoro. Safi sana.

Cha pili kizuri ni 86. Wameiandikia kwa wekundu kwamba hiyo hairudishwi mpaka ujue kilichosababisha. Nilitamani kuwakumbatia. 86 ni lokauti, ikishapiga inazuia breka isirudi mpaka mtu aje airudishe, mara nyingi kwa mkono, na kuna watu wakiikuta imeanguka wanaizungusha tu wanafunga breka, halafu transfoma inapasuka wanasema mkosi.

79 nayo imekaa vizuri, ile ya kurudisha breka yenyewe baada ya hitilafu ya muda. Watu wa huku msimu wa mvua wanaijua hata kama hawaijui, umeme unakatika, unarudi, unakatika, unarudi, halafu kimya, hapo tawi la mti au radi imegusa laini, 79 imejaribu kurudisha na shoti bado ipo, ikaacha. Chati ingeongeza tu kwamba ukipanda kufanya kazi kwenye laini hiyo 79 lazima izuiwe kwanza. Hawajaandika, na nafasi ilikuwepo.

Haya tuje kwenye madudu. 46 wameielezea kama ya volteji. Sio. 46 inaangalia mkondo wa fezi kutolingana au kugeuka mpangilio, ya volteji ni 47. Hii sio herufi tu imekosewa, ni kitu kinachoweza kukupeleka kutafuta ugonjwa sehemu nyingine kabisa. Chukua mfano mashine ya mpunga, transfoma ya mtaani imebadilishwa, fezi mbili zimeunganishwa kinyume, mota zitazunguka nyuma zikiwashwa, hapo wa kukuzuia ni 47 kabla mota haijawaka hata kidogo, mkondo hakuna bado, 46 itaona nini? Lakini fezi moja ikikatika mota ikiwa inazunguka, volteji kwenye mota inaweza kuonekana karibu kawaida kwa sababu mota yenyewe inairudisha, hapo 46 ndo inamwona mwizi. Kalamu ya kutofutika, rekebisheni.

Kosa lingine, 52 wameiandika "breka/kontakta". Breka sawa, ila kontakta, ile swichi ya kuwasha na kuzima mota, kwenye michoro ya Kimarekani utaikuta sana kama 42. Na 52a na 52b hawajaziweka kabisa, wakati ndo zinazosumbua wanafunzi kila siku: 52a inafuata breka, breka ikifunga nayo inafunga, 52b kinyume chake. Hiyo 52a imewekwa kwenye njia ya koili ya kutripu, ile inayofungua breka, ili breka ikishafunguka ikate mkondo wa koili, la sivyo koili inaungua. Mstari mmoja tu ungetosha.

Herufi za nyuma nazo wamezitupia bila maelezo. Utaona 51N hapa, 51G pale, kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kawaida N mkondo umepatikana kwa kujumlisha fezi au kwenye nyutro, G ina CT (katransfoma ka kupimia mkondo) yake ya pekee ya kunusa ethi. Setingi zake hazifanani hata kidogo.

Lakini shida kubwa kuliko zote, na hapa ndo nimewapunguzia nyota, ni kwamba chati inaonyesha kama kila namba ni kiboksi kimoja. Zamani ilikuwa karibu hivyo, ukuta mzima wa rilei, kila moja na kioo chake. Siku hizi rilei moja ya kidijitali ukubwa wa redio ina 27, 59, 46, 47, 50, 51, na 81 ya frikwensi humo humo, namba ni ya kazi sio ya kifaa. Kijana ametoka na hii chati akafungua paneli akatafuta 81 haioni, anasema haijafungwa, kumbe iko ndani ya menyu na imezimwa tu. Tena rilei nyingi zinazoingia huku, za Ulaya na za China, usoni hazina namba, zina alama: I> ndo 51, I>> ndo 50, U< ndo 27, U> ndo 59, f< ndo 81 ya frikwensi kushuka, Z< ndo 21, ile ya kupima umbali wa shoti kwenye laini. Safu moja ya alama hizo pembeni ya namba na chati ingekuwa ya elfu thelathini na ningelipa bila kubishana.

Ubora wa kitu chenyewe: plastiki ni nene, vumbi la Tabora linafutika kwa kitambaa, wino haujapauka ingawa ukuta wangu unapigwa jua la mchana. Kona zimeanza kujikunja, piga misumari usitegemee selotepu. Inang'aa mno, usiku ukiwasha taa upande wake husomi kitu. Maandishi ya kipande cha jenereta ni madogo, 32 ya nguvu kurudi kinyume na 40 ya jenereta kupoteza uga wa sumaku mpaka usogee pua.

Huduma ya dukani, mzee aliyeniuzia ni muungwana, aliniachia niifungue yote mezani niisome kwanza, wateja wengine wakasubiri wakanuna. Niliporudi nikamwonyesha ile 46 hakubisha, alichukua daftari akaandika, akasema mchapaji yuko Mwanza na toleo lijalo atamwambia. Nikamwachia na karatasi ya zile alama za I> na wenzake. Wana pia ya karatasi ya kawaida bila plastiki kwa elfu sita, hiyo msinunue, mikono ya karakana inaimaliza upesi.

Nyota tatu kati ya tano. Toleo lijalo likija na safu ya alama narudi kuongeza ya nne, na moja nachukua ya kuwapelekea vijana wa Urambo.