Maua ya mezani Nakuru: nunua yapi yakae?

Fungu likinunuliwa Ijumaa mjini, mimi hutaka lifike Ijumaa ya pili. Nimeyapanga kwa kipimo hicho.

La kwanza ni krisanthemamu, lile lenye petali nyingi zilizobanana. Likitunzwa hufikisha wiki mbili, pengine tatu. Tazama majani, maana ndiyo hutangulia kuchoka. Yakiwa yameanza umanjano, liache.

La pili ni kanesheni. Nayo huvuka wiki mbili, ila haivumilii gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva. Shangazi yangu aliwahi kuiweka kando ya ndizi mbivu. Siku ya tatu petali zote zilikuwa zimejikunja ndani. Tulihamisha chombo, tukawa tumechelewa.

Waridi ni la tatu, ingawa ndilo linalonunuliwa zaidi, Naivasha na mashamba yake ya waridi ikiwa jirani. Likiwa zuri hukaa wiki moja hadi siku kumi. Usiangalie rangi kwanza. Shika tumba kwa vidole viwili, pale chini petali zinapoanzia, uminye taratibu. Likiwa gumu, lipa. Likibonyea, limekaa kwenye ndoo siku nyingi. Kisha nusa ncha ya shina. Uvundo maana yake bakteria wameanza kuziba mirija, maji hayatapanda, na shingo itapinda kabla ua halijafunguka. Nyumbani kata sentimita mbili au tatu kwa kisu kikali, kwa mshazari, utoe majani yote yatakayozama.

Mwisho ni gebera na gladiola. Nayapenda sana, lakini siwezi kuyapendekeza kwa nyumba inayotumia maji ya kisima. Visima vingi vya Nakuru vina floridi, hiyo hiyo inayotia meno ya watoto wetu madoa ya kahawia, na maua haya huungua kingo hata kwa miligramu moja tu kwa lita. Ukiyataka, tumia maji ya mvua. Nina ndoo chini ya mabati kwa kazi hiyo tu.

Maji ya chombo nachanganya hivi: lita moja ya maji kwanza, kijiko cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, nusu kijiko cha Jik. Kila baada ya siku mbili namwaga, naosha chombo kwa sabuni, nakata tena ncha za mashina kidogo.