Pleco kwa waongoza watalii wa Arusha: kamusi nzuri inayokwama kwenye neno "game"

Ratiba nyingi za safari zinazoandaliwa Arusha zina mstari unaojirudia: asubuhi "game drive" (kuzunguka kwa gari kutazama wanyamapori), chakula cha mchana, jioni "game drive" tena. Mgeni kutoka China aliyesoma Kiingereza shuleni analijua "game" kwa maana aliyofundishwa kwanza, yóuxì, yaani mchezo. Akiutafsiri mstari huo neno kwa neno anapata yóuxì jiàshǐ, kitu kinachosikika kama michezo ya kuendesha magari kwenye simu. Mwongoza watalii anayejifunza Kichina naye huingia mtego huohuo kutoka upande wa pili: anafungua kamusi, anachukua jibu la kwanza, anamtamkia mgeni.

Kamusi ambayo wanafunzi wengi wa Kichina huishia kuwa nayo ni Pleco. Kampuni yake ilianza mwaka 2000, na programu inapatikana kwa Android na iPhone. Kamusi ya msingi ni bure, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Kwa kazi ya porini sifa hiyo ina uzito mkubwa, maana mtandao huanza kukatika katikati ya hifadhi, wakati ambapo mgeni anauliza maswali mengi kuliko wakati wowote. Ipakue ukiwa mjini, kwenye wifi ya ofisi, kabla hujashika barabara ya Makuyuni. Kiswahili hakimo ndani yake. Lazima upite kwenye Kiingereza, na hapo ndipo "game" linapoleta shida.

Mojawapo ya kamusi za bure zilizomo ni CC-CEDICT, iliyotokana na mradi wa CEDICT ulioanzishwa na Paul Denisowski mwaka 1997. Imejengwa kutoka Kichina kwenda Kiingereza. Ukitafuta neno la Kiingereza, programu inapekua maelezo ya maneno ya Kichina na kukuletea kila lenye neno hilo. Kwa hiyo "game" linakuja na msururu wa bao, karata, mechi na mashindano, bila kukuambia lipi linasemwa wapi. Kuna kikwazo kingine kidogo: herufi g-a-m-e zinaweza kusomwa kama pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, "ga" na "me". Ukiona majibu hayaeleweki kabisa, bonyeza kitufe cha kubadili lugha karibu na kisanduku cha kutafutia, kisha utafute upya kama Kiingereza.

Maana zenyewe ziko hivi. Mchezo wa kujifurahisha ni yóuxì. Mechi ya mpira ni bǐsài. Mnyama anayewindwa ni lièwù. Nyama ya porini inayoliwa ni yěwèi, na hili usilitamke garini hata kwa bahati mbaya. Wèi ni ladha, kwa hiyo mgeni atakuelewa kuwa unazungumzia kitoweo, tena kwa watu ambao nchi yao ilipiga marufuku ulaji wa wanyamapori wa nchi kavu Februari 2020. "Game" la kwenye ratiba zetu lilianzia kwenye uwindaji, lakini leo linamaanisha wanyamapori wa kutazamwa tu. Kwa Kichina sema yěshēng dòngwù, 野生动物. "Game drive" nzima isemwe zuò chē kàn yěshēng dòngwù: kupanda gari kutazama wanyamapori. Ni ndefu, lakini haina utata.

Wapo wanaopenda neno fupi, yóuliè, 游猎, na kampuni za utalii za China hulitumia kwa safari za Afrika. Hapa Pleco inaonyesha thamani yake. Fungua neno, nenda kwenye kichupo cha CHARS, utaona herufi moja moja: 游 ni kutembea huku na huku, 猎 ni kuwinda. Herufi ya kwanza ni ileile ya yóuxì, ndiyo sababu sikio linayachanganya. Ya pili ndiyo inayomtia mgeni wasiwasi kwamba kuna bunduki. Ukilitumia, ongeza palepale: wǒmen bù dǎliè, zhǐ kàn, hatuwindi, tunatazama tu. Tabia ya kupasua neno kwenye CHARS kabla ya kulitamka inafaa kuwa desturi kwa kila neno jipya. Inachukua sekunde kumi.

Usipuuze "game reserve". Kwa sheria zetu pori la akiba si hifadhi ya taifa, kwani kwenye pori la akiba uwindaji wa kitalii kwa kibali unaruhusiwa. Hifadhi ya taifa ni guójiā gōngyuán. Pori la akiba ni yěshēng dòngwù bǎohùqū. Ukisema bǎohùqū tu kwa yote mawili, mgeni akiona gari la wawindaji atadhani ni majangili, na utatumia nusu saa kueleza.

Wageni wenyewe wakizungumza Kiingereza, kosa linalosikika sana ni "many games" wanapomaanisha wanyama wengi. Kwa maana hii neno halipokei s. Lingine ni "we come to play". Hawajaja kucheza. Kwa Kichina wán ni kucheza, na pia ni kutembea mahali na kufurahia, kwa hiyo wanasema kwa adabu kabisa kwamba wamekuja kutembea. Kamusi inatoa maana zote mbili, ila inamwachia msomaji achague, na mwanafunzi karibu kila mara huchagua ya kwanza.

Pleco haifai kutafsiri sentensi nzima, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ratiba ya wageni usiikusanye humo neno kwa neno. Iandike upya, kisha mpe anayekijua Kichina aisome. Nyongeza za kulipia zipo. Kadi za kukariri zinamsaidia anayesoma kila siku. Kusoma herufi kwa kamera kunamfaa anayepokea nyaraka za Kichina ofisini, na dereva anaweza kuishi bila hiyo. Zaidi ya fedha, tenga muda wa toni, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka na kubadili maana ya neno. Bàozi, toni ikishuka, ni chui. Bāozi, toni ikiwa juu na tambarare, ni mkate wa mvuke wenye nyama ndani. Yafanyie mazoezi hayo mawili kwa sauti kabla ya kumwonyesha mgeni kilicholala juu ya mgunga.