Mguu umevimba baada ya kuwekewa nyonga bandia: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Mguu kuvimba baada ya kubadilishiwa nyonga ni kawaida. Damu na majimaji ya upasuaji hushuka kutoka pajani hadi gotini, kisha kwenye kifundo, huku kigimbi, ambacho ndicho pampu ya kurudisha damu juu, kikiwa kimelala kwa sababu mtu hatembei vya kutosha. Wiki mbili za kwanza ndizo nzito. Mabaki ya uvimbe yanaweza kuendelea miezi mitatu, wakati mwingine zaidi. Angalia asubuhi: kama mguu umepungua usiku na kujaa tena jioni, mambo yanakwenda vizuri.

Vitu vya kununua tumevipanga kwa kadiri vinavyosaidia. Bei hazikuamua chochote.

Namba moja: mto wa mteremko

Hauuzwi sana kwenye maduka ya dawa, wala huna haja ya kuutafuta huko. Nenda kwa fundi wa makochi, Mwanjelwa jijini Mbeya au popote ulipo, umwambie akukatie sponji ngumu yenye umbo la mteremko: urefu sentimita 70, upana 30, kimo 20 upande wa mguuni na 5 upande wa paja. Mara nyingi vipande vilivyobaki kwenye makochi vinatosha. Kabla hujalipa, kandamiza kwa ngumi. Ukiisikia meza chini yake, hiyo sponji ni laini mno na mguu utaizamisha kabla ya usiku wa pili.

Mgonjwa alale chali, sponji ianzie chini ya paja na iishie kabla ya kisigino, ili kisigino kining'inie hewani. Kisigino kinachokaa juu ya sponji saa nzima hupata kidonda cha mgandamizo. Dakika 30 hadi 45, mara tatu au nne kwa siku, mguu ukiwa juu ya usawa wa moyo. Kuketi kwenye kochi na kuweka mguu juu ya stuli hakufikii kiwango hicho, na kochi la kuzama linakunja nyonga kupita nyuzi 90, jambo ambalo wengi waliofanyiwa upasuaji huu hukatazwa.

Kosa tunaloliona zaidi ni mto wa kulalia kuwekwa chini ya goti peke yake. Unaleta raha, lakini nyonga inabaki imekunjika, misuli ya mbele inajifupisha, na baada ya mwezi mtu anatembea ameinama. Foronya ya sponji iwe ya pamba, satini huteleza.

Akiwa amelala hapo apige kifundo juu na chini mara 10 hadi 20, kila saa anapokuwa macho. Hilo halinunuliwi.

Namba mbili: mfuko wa jeli wa kugandisha

Nunua miwili, mmoja ukiwa kazini mwingine uko kwenye friza. Ukubwa usipungue sentimita 25 kwa 30. Vile vidogo vya kipaji cha uso havifuniki nyonga. Uliza kama jeli hubaki laini ikiganda. Inayokuwa jiwe haikai kwenye mzunguko wa nyonga.

Ukikosa, tengeneza: vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha spiriti ya asilimia 70, ndani ya mifuko miwili ya kufunga kwa zipu, mmoja ndani ya mwingine. Inaganda kama uji mzito. Iweke mbali na watoto na jiko. Maharage makavu ndani ya soksi yanafaa kwa dharura tu, maana yanapoteza ubaridi haraka. Huna friza? Jirani anayeuza barafu za ubuyu anayo.

Funga kwa taulo kavu, weka dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha ngozi angalau saa moja. Ngozi ya pembeni ya mshono huwa na ganzi, kwa hiyo barafu inaweza kuiunguza mtu asihisi. Funua katikati uangalie. Bandeji isilowe.

Hapa Nyanda za Juu kuna shida yake: Juni na Julai, Makete au Njombe, nani anataka barafu? Ndugu wanaleta maji ya moto ya kukanda, au wanamsogeza mgonjwa kwenye jiko la mkaa. Wiki za mwanzo joto hufungua mishipa na kuongeza uvimbe. Mfunike blanketi mwili mzima, uache sehemu ya nyonga tu. Na msimchue kigimbi, hata mama mkwe akisisitiza. Kama kuna bonge la damu mle, kuchua kunaweza kuling'oa.

Namba tatu: soksi za kubana

Zingekuwa juu zaidi kama watu wangenunua saizi sahihi. Muulize kwanza daktari. Mwenye mishipa ya miguu iliyoziba, kisukari chenye ganzi, au vidonda mguuni asivae bila ruhusa yake.

Pima asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifundo palipo pembamba, mzunguko wa kigimbi palipo pana, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti. Linganisha na jedwali la kwenye pakiti. Soksi za hospitali za kuzuia damu kuganda hubana kama milimita 18 za zebaki kifundoni. Usijipandishie kiwango hicho cha mbano mwenyewe. Za mtumba ziache, mpira wake umeshachoka.

Avalishwe na mtu mwingine, maana yeye haruhusiwi kuinama. Igeuze nje ndani hadi kisigino, ingiza mguu, kisha ipandishe taratibu. Ikibaki ndefu juu usiikunje: mkunjo unabana kama kamba na mguu unavimba chini yake. Nunua jozi mbili, kwa sababu wakati wa mvua Tukuyu soksi haikauki kwa siku moja, na ukiianika juu ya jiko mpira unakufa.

Anayerudi Mbeya kutoka MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 800 za kuketi. Siti ya upande wa njia, na kushuka kutembea kila gari linaposimama.

Acha dukani

Krimu za kuchua: uvimbe uko ndani kuliko zinakofika. Vidonge vya kukojosha: uvimbe huu hautokani na moyo wala figo, utapoteza maji na chumvi bure. Diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza, huku unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda: unakaribisha kutokwa damu. Mashine za kuzungusha maji baridi zinafanya kazi, lakini mifuko miwili ya jeli inatosha nyumbani.

Futi ile ile

Pima kigimbi kila asubuhi mahali pale pale, sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo chini ya goti, na uandike. Kikiongezeka ghafla, kikawa na maumivu, joto au wekundu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata au kifua kikiuma, tafuta gari sasa hivi, hata kama kliniki ni kesho.