Maonyesho ya Picha za Mitaani: Meza Moja Yatosha Kukuleta

Maonyesho haya ya picha ambazo mpiga picha alizipiga katika mitaa ya mji aliozaliwa yana vyumba vitatu, lakini zaidi ya nusu ya muda wangu uliishia katika kile cha kwanza, chenye meza kubwa ya kioo cha kugusa. Mezani imetandazwa mikanda yake ya filamu ya milimita 35, kila mmoja ukiwa na picha 36 katika mfuatano uleule aliozipiga, na ukigusa picha yoyote hukua mbele ya macho yako pamoja na alama za kalamu nyekundu alizotia wakati wa kuchagua.

Katika mkanda mmoja, kinyozi amesimama mlangoni pa kibanda chake. Katika picha ya 4 anapunga mkono, kwa kuwa anamfahamu aliyeshika kamera. Katika ya 9 anajiweka sawa kola. Kufikia ya 17 amekwisha kuisahau kamera, wembe wake umetua nyuma ya sikio la mteja, na hiyo ndiyo iliyozungushiwa duara. Kupiga picha nyumbani kuna taabu hiyo, kwamba watu wanakujua na hujipanga wakikuona. Helen Levitt, mzaliwa wa Brooklyn aliyepiga picha mitaa ya New York, alitumia kifaa cha kutazamia kwa pembeni, hata ikaonekana kana kwamba anaelekeza kamera kwingine. Mpiga picha wa maonyesho haya alisubiri tu, na subira yake isingejulikana kama ukutani pangetundikwa ile ya 17 peke yake.

Chumba cha pili kina ramani inayolinganisha picha na mtaa ulivyo leo. Wazo ni zuri, ila skrini mbili kati ya nne zilikuwa zimeganda na hapakuwa na mhudumu wa kuuliza.

Cha tatu sikukipenda. Picha zimeongezewa sauti za mitaani ambazo hazikurekodiwa siku zilipopigwa, jambo ambalo kwa kazi ya kuweka kumbukumbu naliona ni kosa. Nilijikuta nikitafuta honi ilitoka gari gani, ilhali pichani hamna gari hata moja.

Anayekwenda awahi mlango unapofunguliwa, kwa maana meza ile haitoshi watu zaidi ya wanne, na aliyeifikia haondoki upesi.