Miezi minane na Linux Mint katika chumba cha kompyuta, Kayole

Nafundisha shule ya msingi huku Kayole, Nairobi. Tuna kompyuta 12, zote ex-UK (mitumba kutoka Uingereza) za barabara ya Luthuli, RAM ya GB 2. Windows iliyokuwamo ilikuwa imechoka: unawasha kipindi kikianza, inafunguka kengele ikikaribia kulia. Likizo ya Agosti nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake la Xfce kwa kuwa ni jepesi. Flashi moja ilizunguka mashine zote na sikulipa hata ndururu ya leseni. Printa yetu kuukuu ndiyo iliyonitoa jasho, siku mbili nzima.

Wadogo wanapenda GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia ambayo huwafunza kushika mausi, kuhesabu na kutambua herufi, tena bila intaneti. Tux Paint, programu ya kuchorea, nayo ni tamu lakini ina kelele. Kila kifaa cha kuchorea kina mlio wake. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani darasa halina mwalimu. Sauti huzimwa, nilijua baadaye.

LibreOffice, programu ya kuandikia iliyo kama Word, imenipa raha na aibu. Raha ni kamusi yake ya tahajia ya Kiswahili. Aibu ni mtihani wa Gredi ya 6: niliuhifadhi kwa muundo wa Word, nikaupeleka saiba kuchapisha, nao wakaufungua kwa Word. Jedwali likaruka, swali la 14 likaenda ukurasa wa tatu, picha yake ikabaki wa pili. Nakala 60 zilishatoka nilipogundua. Siku hizi natoa PDF papo hapo, kitufe kiko juu ya ukurasa.

Msitarajie miujiza. Fungua kurasa tatu za intaneti kwa mpigo na GB 2 hizo zinakwama vilevile. Ila vile virusi vya flashi vilivyokuwa vikigeuza kazi za watoto kuwa shotikati, sijaviona tena.

Mwezi jana mvulana mmoja aliomba nimwekee GCompris kwenye flashi, kwao kuna laptopu ya Windows. Inakubali huko pia, nikamwekea. Jumatatu akarudi nayo mkononi: "Mwalimu, mama amesema nirudishe kama ni ya wizi." Ikabidi nimpigie mama simu kumweleza kwamba leseni yenyewe inaruhusu kunakili na kugawa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama naweza kumwekea na ile ya kuandikia barua.