Useme kwa kanga au kwa ngano?

Kuna maneno hayasemeki uso kwa uso. Kwetu Uswahilini njia mbili zipo: umvalie mtu kanga au umtolee ngano, yaani hadithi.

Kanga ina pindo pembeni, mji katikati na jina, yale maneno yaliyoandikwa, na jina ndilo linalosema. Dada yangu alipokosana na mama, hakuomba radhi kwa mdomo. Alikuja Ijumaa na doti moja, bado ina harufu ya dukani, ameikunja jina likae juu: "Nani kama mama". Mama akapitisha kidole kwenye herufi, akajifunga papo hapo, akaenda kuinjika chai. Lakini kanga hukata pia. Jirani akipita na "Hasidi hana sababu", hujui kama kakulenga wewe, na kumuuliza huwezi.

Ngano haina ukali huo. "Paukwa!" "Pakawa!" Msikilizaji ameshaitikia kabla hadithi haijaanza, kisha fisi anatubebea aibu zetu sote. Ila inataka muda, na watu walioketi pamoja.

Kwa kuomba msamaha nachagua kanga. Kwa kumwonya mtoto, ngano, tena bila kumfafanulia maana yake.