Hita ya tangi la samaki kwa hali ya hewa ya Tanga, ipi ya kuaminika?

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo, karibuni tena. Leo ni hita tu, filta na mchanga tuviache kwanza, mana kusi limeshaanza kuvuma hapa Tanga na meseji zinazoingia zinafanana zote, kaka, samaki wangu beta kalala chini hataki kula, kaka, gapi wangu wana vidoa vyeupe kama chumvi. Nimeweka hita tatu hapa mezani mnaziona, na kuna kidude cha nne hapa pembeni ambacho kwangu mimi ni muhimu kuliko hita zote tatu, tutakifikia.

Najua kuna mtu anasema hita Tanga ya nini, mji wa joto huu. Ndiyo, Januari maji ya tangi yanafika nyuzi 30 yenyewe, hapo hita chomoa uiweke kabatini. Ila kuanzia Juni mpaka Agosti usiku joto linashuka mpaka 20 na kitu, na kama nyumba ni ya tailsi alafu dirisha linatazama kusini basi alfajiri ukichovya temometa unaweza ukakuta 23, saa tisa alasiri ukipima tena unakuta 27. Sasa nyuzi 23 peke yake haimuui gapi, gapi anaishi vizuri tu hapo, kinachomchosha samaki ni iyo panda shuka ya kila siku, kinga yake inashuka ndo unaona vile vidoa vyeupe vinatokea, mana yule mdudu anamuotea samaki aliyechoka. Beta na enjelifishi wao wanataka 24 mpaka 28, diskasi ndo kabisa 28 mpaka 30. Goldifishi msimwekee hita jamani, yule ni samaki wa maji ya baridi, hapa kwetu tayari anavumilia.

Kwaiyo kabla hujatoa hela yako pima kwanza. Temometa ya kuzama ndani ya maji, sio ile stika ya kubandika nje ya kioo, ile inachanganya joto la maji na la chumba. Pima saa kumi na mbili asubuhi, pima saa tisa alasiri, fanya ivo wiki nzima uandike. Wengine mtakuta maji hayashuki chini ya 25, na wewe basi huitaji hita, nunulia samaki chakula kizuri.

Haya, umepima umeona unaitaji. Sasa hapa ndo watu wa Tanga tunaumizwa. Ukienda dukani ukasema nataka hita inayotegemewa, muuzaji anakupa kubwa, wati 200, wati 300, anakwambia chukua hii ina nguvu. Na kwenye mabox utakuta wameandika wati 1 kwa kila lita, iyo hesabu ni ya nchi zenye baridi, mtu anataka kupandisha maji nyuzi nane au kumi juu ya joto la chumba. Sisi tunataka nyuzi tatu, nne basi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, zidisha gawa kwa 1000 unapata lita 63, toa mchanga na nafasi ya juu unabaki na kama 55. Kwa Tanga tangi ilo wati 25 mpaka 50 inatosha kabisa, kuanzia nusu ya wati kwa lita.

Na sio swala la bili, sikilizeni vizuri hapa. Hita ikifa kuna njia mbili za kufa. Inaweza kufa imezima, maji yanapoa taratibu, asubuhi unaona samaki wamezubaa unanunua nyingine, Tanga hakuna atakayekufa kwa usiku mmoja wa nyuzi 23. Njia ya pili inakufa imewaka, haizimi tena, na iyo ndo inapika samaki. Sasa piga hesabu, wati 300 kwenye lita 60 za maji inapandisha kama nyuzi 4 kila saa, umetoka nyumbani saa mbili maji yako 26, saa sita unarudi maji yanakaribia 40, hakuna kilicho hai humo. Hita ya wati 50 ikikwama kwenye tangi lilelile haipandishi hata nyuzi 1 kwa saa, na maji yakizidi kuwa ya moto kuliko chumba yanapoteza joto kwa juu na kwa vioo, kwaiyo yanafika sehemu yanagoma kupanda. Unarudi jioni unakuta samaki wanahema juu juu, lakini wapo. Ndo mana mimi nasema hita ya kuaminika ni ile ambayo hata ikiharibika haikuulii samaki, na kwa mji kama wetu iyo ni ndogo, sio kubwa.

Ngoja niwaonyeshe inavokwama. Kamera isogee hapa. Hii nimeletewa na kaka mmoja wa Makorora, ni ya kioo, ya kuzungusha juu, iliua tangi zima la samaki wa moli. Angalia ndani ya kioo hapa juu nikimulika na tochi, kuna kibati chembamba kimepinda, icho ni metali mbili tofauti zimegandishwa pamoja, zikipata joto moja inatanuka kuliko mwenzake ndo kibati kinapinda na kuachanisha platini, umeme unakatika. Maji yakipoa kinarudi, platini zinagusana. Kila zikigusana na kuachana kuna kacheche kadogo. Sasa ona apa, platini nyeusi tii, na hapa katikati zimeyeyuka zikashikana, nikiitikisa hata haziachii. Na hita kubwa kwenye tangi dogo ndo inawahi kufika hapa, mana umeme unaopita kwenye platini ni mwingi alafu inawaka na kuzima kila saa.

Haya tuje kwenye hizi tatu.

Ya kwanza hii ya kioo ya bei rahisi, ya kuzungusha. Namba zilizoandikwa juu msiziamini sana, hii nimeiweka 26 ikawa inashikilia 28, kwaiyo unairudisha nyuma kidogo kidogo mpaka temometa ikubali. Uzuri wake umeme ukikatika ukirudi inaendelea yenyewe, haina cha kusahau. Kabla hujalipa iangalie mpira wa juu pale waya unapoingia, uwe umekaa vizuri haujapasuka, na ukiona kaukungu au matone ndani ya kioo hata kama ni dukani irudishe palepale, maji yameshapata njia. Kama una oska nyumbani, hii sahau, oska mkubwa akigeuka anaigonga inavunjika.

Ya pili ni hii fupi ya digito, ya chuma, ina skrini. Nzuri kwa macho na kwa tangi dogo la beta inakaa vizuri. Ila mbili za kuangalia, kwanza kihisi chake, yaani kile kinachopima joto, kipo humohumo karibu na sehemu ya moto, kwaiyo kama maji hayazunguki inajidanganya inaona maji yamepata joto kumbe ni yale ya pembeni yake tu. Pili mwambie muuzaji aichomeke, uweke 26, aichomoe, aichomeke tena, uone kama imekumbuka 26 au imerudi kwenye namba ya kiwandani, mana kwetu umeme unakatika, sio kitu cha kujificha. Na kama tangi lako ni la maji ya bahari, chuma cha namna hii kinaweza kupata kutu, hapo tafuta ya titani au baki na kioo.

Ya tatu ni Eheim, ya Kijerumani, zile zinaitwa Jäger. Kioo kinene zaidi, na kitu nilichokipenda ni hii pete ya juu, unaweza kuirekebisha ili namba ilingane na temometa yako, na maji yakipungua inajizima. Inaweka kuanzia 18 mpaka 34. Kwa hita za kuzungusha hii kwangu ndo bora, lakini bei yake sio ya kitoto na hapa Tanga huikuti kirahisi, utaagiza Dar. Na bado, hata hii, ndani ni thermostati ya kimakanika, ya kibati kama ile niliyowaonyesha, sitowaambia haiwezi kukwama.

Ndo tunakuja kwenye kidude cha nne. Hiki ni kontrola ya joto. Hita unaichomeka kwenye kontrola, sio ukutani, alafu kontrola ina waya mrefu wenye kihisi mwishoni, kihisi kinakaa kwenye maji. Hita yenyewe unaiweka 27, kontrola unaiweka 26. Kwaiyo kontrola ndo inayowasha na kuzima kila siku, hita ikikwama kontrola inaikata, kontrola ikikwama hita inajizima kwenye 27. Mpaka samaki wapikwe lazima viharibike vyote viwili kwa pamoja. Mimi hapo ndo nalala usingizi.

Zipo za kuchomeka moja kwa moja kama Inkbird ITC-308, ina soketi mbili, moja ya kupasha moja ya kupoza, na kwa mtu wa Tanga iyo soketi ya pili ni mali. Januari kaskazi likiwa kali unachomeka feni ndogo inapuliza juu ya maji, ukiweka vizuri namba zako maji yakizidi unapotaka feni inawaka yenyewe, hita imelala. Kifaa kimoja mwaka mzima. Ukinunua hakikisha ni ya volti 220.

Kama hela haitoshi, waulizeni wanaotengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Ndiyo, wale wale. Wanatumia STC-1000, kale kaboksi keusi kenye namba nyekundu, ni kontrola ileile ya kazi, na yenyewe ina upande wa kupasha na wa kupoza. F1 unaweka 26, F2 ni tofauti unaweka 0.5, F4 ni ya kurekebisha kama usomaji wake haulingani na temometa. Shida yake nyuma ina skrubu za umeme ziko wazi, kwaiyo usiniwekee iyo kitu juu ya meza karibu na maji, mpe fundi umeme aifunge kwenye boksi la plastiki na soketi yake. Nayo chagua ya 220, mana kuna za volti 12 zinafanana nayo sura.

Kihisi kifunge vizuri. Kikichomoka kikaning'inia nje kitasoma hewa ya chumba, usiku hewa 22, kontrola itasema maji ya baridi iwashe tu iwashe tu. Hapo ndo utaona faida ya ile 27 ya kwenye hita.

Kufunga. Hita ikae pale maji ya filta yanapotokea, ilazwe au iwe mshazari chini chini, isizikwe kwenye mchanga. Ukiiweka mara ya kwanza iache kwenye maji nusu saa ndo uchomeke. Unapobadilisha maji chomoa, subiri dakika 20, ndo upunguze maji, mana kioo cha moto kikiwa nje alafu umwagie maji ya bomba kinapasuka palepale. Na jamani mkono hauingii kwenye tangi kabla plagi haijatoka ukutani, hii ni volti 230, nasema hasa kwa wenye watoto wanaopenda kushika samaki. Waya uuache uning'inie chini kidogo kuliko soketi alafu ndo upande juu kwenye soketi, tone likitiririka lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi. Hita nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili, watu wanasukumizia kwa kalamu, hapana, kata fundi akufungie ya pini tatu yenye fyuzi. Ile breka inayokata umeme ukivuja, mwambie fundi RCD atakuelewa, kama nyumba yako haina weka, ina faida kwa nyumba nzima.

Wanaotumia maji ya kisima mtaona ganda jeupe kwenye hita, loweka kwenye siki likae mpaka lilainike, futa, suuza, rudisha. Usikwangue na kisu.

Umeme sasa, mana mama mwenye nyumba atauliza. Wati 50 ikiwaka masaa 20 ndo unit moja. Usiku wa Julai haiwaki mfululizo, inawaka inazima, kwaiyo siku mbili tatu mpaka nne kwa unit moja. Umeme ukikatika usiku funika tangi na blanketi pembeni, juu acha nafasi ya hewa, lita 60 hazipoi haraka, hangaika zaidi na hewa mana filta imesimama.

La mwisho, dada yangu wa Lushoto uliyeuliza kama hii wati 50 itakufaa. Haikufai. Huko ni milimani, zaidi ya mita 1300, na usiku wa Julai baridi yenu wote tunaijua. Kwa tangi lako la lita 100 chukua wati 1 mpaka 1.5 kwa lita, lakini usinunue moja ya 150, nunua mbili za 75, moja kila upande, zote zipite kwenye kontrola moja. Moja ikifa imezima nyingine inakushikilia mpaka ushuke Tanga au upate ya kuletewa. Na tangi lisikae kwenye sakafu, liweke kwenye stendi, chini yake kata thermokoli ile nyeupe inayokuja kwenye mabox ya friji, na mfuniko wa kioo juu usikosekane, joto jingi linaondokea pale. Ukishafunga nitumie vipimo vyako vya alfajiri, nitakwambia kama wati zinatosha au tuongeze.